Chai Iliyochachuka ya Wakwe Zetu

Wakwe wa kaka yangu walikuwa wanatoka Nyanza-Lac kuja kula mchana kwetu Rumonge. Wao ni Wakristo, wamezoea bia. Sisi ni Waislamu, bia haiingii nyumbani. Mdogo wangu, anayehudumu katika hoteli moja Bujumbura, akasema nisihangaike. Kwao hotelini, wakati wa joto, huchanganya bia na maji ya nyanya, ndimu na pilipili. Yeye angetia chai badala ya bia.

"Chai gani?" nikamwuliza.

Akanionyesha chupa kubwa aliyokuja nayo. Ilikuwa chai ya sukari iliyoachwa mpaka ikachachuka, na juu yake umeelea utando mnene kama ngozi. Nilipofungua, ikatoa povu na harufu ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi.

"Mbona inanuka hivi?"

"Dada, iko chai tu."

Sikuelewa, lakini wageni walikuwa njiani. Nikaponda pilipili, nikakamua ndimu, tukapaka chumvi kwenye midomo ya glasi, tukaandaa pamoja na mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma.

Baba mkwe wa kaka akaonja, akakohoa. "Murakoze, asante binti yangu. Sasa bia yake iko wapi?"

Mama yangu naye alikuwa ananusa glasi yake. Akanivuta kando. "Umeniwekea pombe?"

Huyu analalamika haimo, yule anaogopa imo, nami nimesimama na jagi mkononi. Nikanywa glasi nzima ili nijue.

Masikio yakashika moto. Jasho likanitoka, kisha kicheko kikanijia, nikashindwa kukizuia. Ilikuwa pilipili? Ilikuwa jua? Mdogo wangu, aliyekuwa akinicheka, alinitazama, akaacha.

Kesho yake nikaenda kwa ustadhi wetu, nikamsimulia yote.

"Ulilewa?" akauliza.

"Sijui, ustadhi. Sijawahi kulewa. Nitajuaje?"

Akajikuna ndevu. Akasema ataulizia kwa wenye elimu zaidi, na kwa sasa niiache chai hiyo. Nikaiacha. Mpaka leo hajanipa jibu, na kila tukikutana sokoni anawahi kunisalimu na kupita.

Juzi baba mkwe wa kaka alipiga simu. Wanakuja tena, na mke wake anaulizia kile kinywaji chenye chumvi. Nikamwambia, "Karibuni sana." Nini nitawapa, sijajua.