Kondoo Aliyeachwa Afe Siku ya Posa

Siku waliyokuja kuniposa naikumbuka vizuri, wanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomkasirikia baba yangu kuliko siku nyingine yoyote. Na hasira ninazo, kama mjuavyo nyote mliokwisha kunimwagia chai kwenye mkeka.

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka tukasahau kwamba nchi hii ni ya ukame. Tulikuwa tumehamia kwenye mwinuko wa mchanga upande wa Dadaab, maana kule chini laga, yaani mito ya msimu, zilifurika na madimbwi yakasimama wiki baada ya wiki. Sisi vijana tulifurahi. Majani yalifika magotini, na mfugaji akiona majani ya namna hiyo haulizi maswali. Mbu nao walikuwa wengi mpaka ngamia wakakataa kulala. Kila jioni Aabe, yaani baba yangu, alichoma kinyesi kikavu kuzunguka zizi ili moshi uwafukuze, akinung'unika peke yake. Nikadhani ni uzee tu.

Kisha kondoo wakaanza kutupa mimba. Si jike mmoja wala wawili, karibu wote waliokuwa na mimba. Wana-kondoo waliowahi kuzaliwa walikufa kabla hata hawajakauka. Mama alisema ni jicho la hasidi. Aabe yeye, tangu siku hiyo, alitukataza kunywa maziwa mabichi, na yeye mwenyewe akawa anazika vile vichanga mbali na boma, mikono ameifunga mifuko ya plastiki. Mimi nikaona aibu. Nilisema moyoni, wageni wangu watakuja wamkute baba mkwe amevaa mifuko ya sukari mikononi!

Nao wakaja. Alikuja Bishaar, kijana aliyekuwa akiniposa, pamoja na ami yake mzee Jelle, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabeba. Walikuwa wametoka upande wa Wajir, safari ya matope matupu. Sasa mgeni wa posa kwetu huchinjiwa. Hilo halina mjadala. Dume mnono alikuwa ametengwa kwa ajili yao, na asubuhi ile ile dume huyo akaanguka mlangoni pa zizi, damu ikimtoka puani, akihema kwa shida.

Hapa nisikilizeni, ninyi mnaonunua nyama iliyokwisha kukatwa. Mnyama akijifia mwenyewe ni mzoga, haliwi. Kwa hiyo akianza kuanguka, mwanamume yeyote aliye karibu hukimbia na kisu, akataja jina la Mungu, akamuwahi. Ndivyo tusemavyo, kumuwahi. Ukimuwahi, watoto wamekula. Usipomuwahi, fisi wamekula. Hakuna kijana wa kwetu anayemwona kondoo anakata roho akakaa ametulia.

"Muwahini!" mzee Jelle akapiga kelele. Bishaar alikuwa ameshakunja mikono ya shati, kisu ameshachomoa. Nilimtazama kwa kificho, nikampenda kwa ile haraka yake.

Aabe akamshika mkono. "Mwache afe."

"Afe?" mzee Jelle akashangaa. "Wallahi, unawatupia fisi riziki mbele ya wageni?"

"Halali naijua, Jelle. Lakini damu ya zizi hili siku hizi siiamini, ya kondoo wala ya mbuzi. Mgeni wangu hataigusa."

Wote tukasimama tukimtazama yule dume akijifia. Baada ya hapo wageni wangu, watu waliokuja kunichukua, wakapewa wali mtupu na maziwa ya ngamia yaliyochemshwa. Yaliyochemshwa! Kwetu mgeni wa heshima hupewa maziwa vile yalivyotoka. Kumchemshia ni kama kumwambia ana kikohozi. Mzee Jelle alionja, akaweka kikombe chini. Walipoondoka alisema, "Tutaleta habari." Kila msichana anajua maana ya maneno hayo.

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilimwambia mama kwamba Aabe ameona heri kuniozesha fisi. Naye Aabe alikuwa amekaa nje ya kibanda, akisikia kila neno.

Habari zikaja kweli, lakini si za posa. Njiani kurudi kwao walipita kwa mama mmoja mjane, Dahabo, aliyekuwa na kondoo wachache na hana mwanamume nyumbani. Jike wake alikuwa anakata roho. Mama wa watu akaanza kuwalilia waliopita, awahiwe, watoto wapate kula. Safari hii hapakuwa na wa kumshika Bishaar mkono. Alimchinja, akamchuna, akamkatakata, damu ikamfika viwikoni, na kidole kimoja kilikuwa kimechanwa na mwiba njiani. Yule mama aliipika nyama mpaka ikaiva sawasawa, yeye na watoto wake wakala na hawakupata neno. Aliyeugua ni yule aliyeshika kisu.

Homa ilimwangusha akiwa hajafika kwao. Kichwa kikamuuma mpaka akawa haoni mbele, ufizi ukavuja damu. Barabara ya Garissa ilikuwa imekatika, wakambeba kwa ngamia mpaka walipopata lori la maji, nalo likamfikisha hospitali kwa kuzunguka. Msicheke. Maji yalikuwa kila mahali mwaka ule, na ya kunywa hayakuwepo.

Siku hizo hizo daktari wa mifugo akafika kwetu, kijana kutoka bara, na buti zake zimejaa tope. Aabe alimwonyesha zizi, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Daktari, hii ugonjwa iko kwa nyama ama iko kwa damu?"

"Mbu ndio wanaoileta, mzee. Wakiwa wengi hivi baada ya mafuriko, wanawauma mifugo, nao wanaugua. Halafu mtu akishika damu, au kichanga kilichotupwa, au akinywa maziwa mabichi, inamwingia. Hata mbu mwenyewe anaweza kukuambukiza. Inaitwa homa ya Bonde la Ufa."

"Sisi iko na jina yake ingine," Aabe akasema. "Baba yangu aliniambia, mvua ikikaa sana na kondoo yote ikitupa mimba, weka kisu chini. Mimi nilikuwa kijana, nikamcheka."

Hilo hakuwahi kutuambia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda na chungu mkononi, nikatamani ardhi inimeze. Nilimpelekea chai. Akainywa, akaniambia sukari haitoshi. Kwa Aabe hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mapatano.

Aliondoka siku iliyofuata kwa miguu kwenda hospitali, kukaa na kijana ambaye hakuwa bado mkwe wake. Kule nyumbani nilikuwa siombi ndoa tena. Niliomba tu aishi, hata kama ataoa mwingine. Vema, hata kama ataoa mwingine aliye mbaya.

Aliishi. Homa ilimwachia, lakini wiki chache baadaye jicho la kulia likaingia ukungu, na ukungu ule haukuondoka mpaka leo. Laga zilipokauka, mzee Jelle akarudi kwetu, safari hii bila kelele. "Nimekuja kukurudishia neno lako," akamwambia Aabe. "Kijana wetu ana jicho moja sasa. Ukikataa, hatutakulaumu."

Aabe akanigeukia mimi, jambo ambalo wazee wa siku zile hawakulifanya hadharani. Nikasema, "Kama lililobaki linaniona, linatosha." Mama akajifunika uso kwa shungi. Mzee Jelle akaletewa maziwa yaliyochemshwa, akanywa kikombe, akaomba kingine.

Basi huyo ndiye babu yenu, anayewapapasa nyuso kabla hajawaitikia salamu, maana hata lile jicho lililobaki limefifia kwa uzee. Na kila baada ya Ramadhani alikuwa akienda kumsalimu mama Dahabo, kwa sababu yule mama alijilaumu sana, naye hakutaka azeeke na mzigo huo. Kila mwaka alimwita shangazi kwa lugha yetu, akamwambia, "Eeddo, uliomba msaada, hukufanya kosa." Nami nasema hivyo hivyo. Ugonjwa ule haukumpata babu yenu kwa ubaya wake. Alikuwa mtu mwema asiyejua.

Ninyi lakini mnajua, wanangu, na ndiyo maana nimekaa nawasemesha badala ya kulala. Redio inasema mvua itakuwa kubwa. Wapelekeni mifugo wachanjwe sasa, ardhi ikiwa bado kavu, maana chanjo ya kungojea mafuriko imechelewa. Madimbwi yakisimama, hamieni juu, laleni ndani ya neti, chemsheni maziwa hata mgeni akinuna. Mkiona majike wanatupa mimba kwa pamoja, simu mnazo, pigeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na vichanga msivishike kwa mikono mitupu. Kumuwahi mnyama ni desturi njema na siwaambii muiache. Nawaambia katika msimu ule muweke kisu chini, hata akianguka mbele ya mkwe. Mwenye homa msimfiche nyumbani kwa kuona aibu. Aibu ya wali mtupu mimi niliipata, na haikuniua.

Mwaka jana mjukuu wangu mmoja alimzuia rafiki yake asimchinje kondoo aliyeanguka zizini, wakagombana vibaya, kisha daktari akaja na kondoo wengine wote wakaangaliwa. Hakuna aliyeugua pale. Niliposikia nililia, na safari hii ilikuwa furaha.

Mungu awape mvua ya kiasi na malisho yasiyo na balaa. Awahifadhi ninyi na wanyama wenu pamoja, maana hamuwezi kupona mmoja bila mwingine. Na siku mtakayowekewa wajukuu mapajani, awajalie muwatazame kwa macho yote mawili. Amin.