Triko ya Norvège niliyoipasua

Niliikuta sokoni Kasongo, juu ya rundo la nguo za balo, mitumba ya kutoka ng'ambo: triko, yaani sweta ya sufu, nzito kama blanketi, nyeusi, yenye nyota nyeupe kifuani na vitone mabegani kama vya kanga wa porini. Kibandiko cha ndani kilisema imetoka Norvège, kaskazini ya Ulaya.

"Papa, hii iko mode huko Ulaya," muuzaji aliniambia. "Vijana wanaivaa na jinzi ya kupasuka."

"Na babu zao?"

"Ndio walianza."

Akanionyesha simuni picha ya msichana mwenye miwani ya jua, amevaa ya namna hiyo hiyo. Sikuelewa nyota ziliingiaje ndani ya sufu, maana hazikupakwa rangi wala kushonewa juu.

Niliinunua kwa ajili ya mke wangu. Alikuwa aende Wamaza kumtazama dada yake mgonjwa, na pikipiki huondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado njiani. Lakini bega lake la kuume limekaza; hawezi kuvaa nguo ya kupitishia kichwani. Bila kumwuliza, nilichukua mkasi nikaipasua mbele, toka shingoni hadi chini, iwe kama koti. Nimezoea kuamua peke yangu, na nimejuta mara nyingi.

Nyuzi zikaanza kuchomoka. Hapo ndipo nilipoona upande wa ndani: uzi mweusi na mweupe zilikwenda pamoja, mmoja ukifumwa mbele, mwingine ukipita nyuma kungoja zamu yake. Kwa muda nilisahau nilichoharibu, nikawa naufuata kwa kidole.

Mke wangu alinikuta hivyo.

"Umeichinja," alisema.

"Nilitaka uweze kuivaa."

"Na kuniuliza ilikuwa kazi?"

Aliigeuza, akaipapasa hadi kwapani, kisha akaniita nitazame. Pale mkono ulipoungwa na kiwiliwili palikuwa na mistari ya mshono wa mashini, na kando yake sufu iliyokatwa. Kumbe na wenyewe walioifuma walikata. Ila wao walishona kwanza.

"Leta mashini," alisema. "Mimi nitaongoza sufu, wewe zungusha gurudumu."

Tulishona kingo zote mbili, yeye akinikemea kila nilipoharakisha. Nyota za katikati zilibaki nusu nusu. Akaongeza vikamba vya kitambaa vya kufungia.

Alfajiri aliivaa mbele nyuma, apenyeze mikono kwa mbele bila kuinua bega, nami nikamfunga mgongoni. Dereva wa pikipiki akacheka.

"Mama, umeivaa kinyume."

"Na koti yako je?"

Yake pia alikuwa ameigeuza, kuzuia upepo, kama wanavyofanya wote.

"Usikate kitu mpaka nirudi," mke wangu aliniambia akipanda.

Waliondoka. Nilisimama nikitazama mgongo wake, na ule mshono wetu uliopinda, mpaka ukungu ukaufunika.