Laptopu Chini ya Leso

Wallahi nilikuwa nimeapa haya sitayasimulia, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Langoni ushanicheka na hata watu wa kule Shela, kijiji kingine kabisa, wakiniona wananiuliza habari ya pilau, heri myasikie kwangu mwenyewe kuliko kwa wanaotia chumvi. (Na chumvi haihitajiki, mtaona.)

Mimi kazi yangu ni kupiga video harusini, upande wa wanawake. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa kichwa wazi na hina yake na asumini zake, na wageni nao wamevua mabuibui wamejiachia, mwenye kamera ni mimi peke yangu, kwa sababu wananiamini kwamba picha zile haziendi popote, zinatoka kwenye kamera zinaingia kwenye laptopu yangu, nazikatakata, naziwekea nyimbo, nampa mama harusi flashi yake mkononi, basi. Mwanamume hazioni. Siku wakiacha kuniamini sina kazi, na si kazi tu, sina hata uso wa kupita mtaani.

Sasa hiyo laptopu yenyewe, jamani, ilikuwa kuukuu. Nikiiwasha asubuhi naenda kukuna nazi, nachuja tui, narudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Feni inavuma mpaka jirani anauliza nasaga nini. Kila kitufe nabonyeza mara tatu nne ndipo kinasikia, na video nikiifungua inakwamakwama, sauti inakatika kama mtu anayezama, hata nikazoea kuizima sauti kabisa na kufanya kazi na picha tupu, maana nyimbo nitaziweka juu baadaye. (Hilo la sauti lishikeni, ndilo lililonimaliza.)

Basi ikaja harusi ya binti wa Bi Mwanaisha. Bi Mwanaisha ni mama mzito mtaani kwetu, akikohoa tu watu wananyamaza. Video ya bintiye ilikuwa ndefu, laptopu ikagoma kabisa, na yeye kila akipita anauliza, "Zuhura, mwanangu bado hajatoka humo?" Nikaona sina budi, nikaibeba mpaka kwa Shee, fundi wa simu na kompyuta, kijana ambaye mdomo wake haupumziki hata akilala.

"Bi Zuhura, hii haijafa, imechoka tu," akanambia. "Naitoa hii diski ya kuzunguka, naitia SSD, diski mpya ya kasi, naiongezea na RAM ipate kumbukumbu, utanitafuta uniombee dua!"

Nikamwapisha hapo hapo asifungue faili hata moja. Akaapa. Akasema yeye kazi yake ni kunakili tu, kama mchukuzi anayehamisha masanduku ya watu bila kuyafungua. Nikaiacha, baada ya adhuhuri nikaenda kuichukua, nikarudi nyumbani nikaiweka mezani nikaiwasha, na kwa mazoea yangu nikainuka kwenda jikoni kwenye nazi.

Sijafika hata mlangoni, imeshawaka.

Subhanallah! Nikarudi nikaitazama kama mtu aliyeona maiti akikaa kitako. Feni kimya. Herufi zote zinang'aa, hata ile A iliyofutika zamani nikaiona (kumbe chini ya uchafu ilikuwepo). Na pale kwenye kioo, badala ya maua yangu ya asumini, kuna mlima una theluji. Mlima wa theluji! Mimi na theluji wapi na wapi? Nikasema moyoni, hii si yangu, Shee amenibadilishia, na maharusi wa watu sijui wako mikononi mwa nani. Nikaifunga kwa pupa. Na ndipo nilipoharibu, kwa sababu mimi niliyeingoja laptopu ile miaka na miaka, siku hiyo nilishindwa kungoja punde moja nikatazama ndani.

Nikatoka mbio na laptopu kwapani mpaka kwa Shee, buibui nimelivaa nyuma mbele, na kwa bahati yangu watu ndio wanatoka msikitini baada ya alasiri. "Shee! Hii si yangu! Picha za maharusi umempa nani?"

Laiti ningeyasema polepole. Neno "maharusi" liliruka juu ya kuta, milango ikafunguka, wanawake wakatoka na miiko mkononi, uchochoro ukajaa mpaka punda mwenye mzigo wa mchanga akakosa pa kupita. Na katikati ya umati akatokea Bi Mwanaisha, na nyuma yake mumewe, Bwana Athman, akitoka kuswali.

"Ni yako, Bi Zuhura!" Shee analia. "Nimeisafisha tu na kuitia programu mpya, ndiyo maana imebadilika sura! Ilete niifungue watu waone!"

"Usiiguse!" Bi Mwanaisha akapiga ukelele. "Binti yangu yumo humo!"

Sasa tutaifunguaje mbele ya wanaume wote wale? Bi Mwanaisha akaamrisha, "Waume wote geukani ukutani! Atakayepinda shingo kutazama namtoa mato!" Wakageuka wote, Shee, Bwana Athman, waliotoka msikitini, na mwenye punda akamgeuza na punda wake. Sisi tukakaa barazani, mimi na Bi Mwanaisha na wanawake wawili, tukafunikwa leso, nikaifungua.

Vyote vimo. Majina niliyoyaandika mimi mwenyewe, kila harusi mahali pake. Nikabofya ya bintiye Bi Mwanaisha ikafunguka papo hapo, na jamani, sijui niwaambieje. Ilikwenda laini, haikwami. Bibi harusi akainua macho taratibu, asumini zikitikisika kwa pumzi zake, dhahabu ikimeta, hata jasho dogo juu ya mdomo ulikuwa unaliona. Nilimpiga mimi video ile na sikuwahi kuiona. Bi Mwanaisha machozi yakamtoka. "Mashaallah," akasema, "mwanangu."

Hapo ndipo sauti ikatoka, kali na safi, na sauti yenyewe ni yangu, nikijisemea nyuma ya kamera: "Mtazame mama harusi alivyojipara, utasema anayeolewa ni yeye."

Nikabonyeza isimame. Ikasimama. Kisha kwa mazoea nikabonyeza tena, na ilivyokuwa sikivu siku hiyo, ikaendelea: "Na pilau gani hii, nyama imesafiri Mkokoni huko mbali haijarudi?"

Macho ya watu tuliyazuia. Masikio hatukuyakumbuka.

Mara kutoka ukutani ikaja sauti ya Bwana Athman: "Hilo la nyama hata mimi nilisema, nikaambiwa nina ulafi!" Migongo yote ikaanza kutikisika kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na leso yenyewe. Kazi imekwisha, nikajua, na uso nao umekwisha.

Bi Mwanaisha akaniangalia kwa karibu, pua zinakaribia kugusana. "Rudisha," akasema.

"Nirudishe wapi, mama?"

"Pale mwanangu alipoinua mato. Na hiyo sauti yako, zima."

Nikarudisha. Tukamtazama mara mbili, mara tatu, wanaume wakingoja ukutani bila kuthubutu kugeuka. Alipotosheka akajifuta uso na ncha ya leso, akasema, "Harusi ya mdogo wake utapiga wewe. Kamera utashika. Mdomo nitaushika mimi."

Shee nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale, akanisamehe kwa hotuba ndefu, na mlima wake wa theluji sikuuondoa mpaka leo, uwe unanionya. Nimeapa sitomtuhumu mtu kabla sijatazama, wala sitosema neno nikiwa na kamera mkononi.

Ya pili sikuhitaji hata kuiapia. Harusi ya mdogo wake ilipofika, kabla sijabonyeza kitufe, Bi Mwanaisha alinijia mbele ya wageni wote, akanitia mdomoni donge la halua, kubwa, ile ya kunata, akasema, "Haya, piga." Nikapiga. Na sahani yangu ya pilau siku hiyo, jamani, wali sikuuona kwa nyama.