Tulishusha mchele, gari likazidi kuteleza

Leo nyanya yangu amezikwa Mutarule. Mimi nimefika nikakuta udongo tu.

Tulikuwa na baba mdogo kwenye gari lake la mbio, lile la milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipopita Bwegera tukakwama kwenye tope.

"Tushushe mchele! Gari iko nzito," akasema.

Magunia mawili ya mchele wa matanga yalikuwa nyuma kabisa. Nilijua uzito ule ndio unaosaidia magurudumu yashike. Tulijifunza shuleni.

Lakini mnanijua. Mbele ya wakubwa sauti hainitoki.

Tukashusha.

Magurudumu yakazunguka bure, gari likateleza upande. Tulihangaika kwa saa mbili.

Mama mmoja akatoka shambani, akacheka: "Baba, weye unatoa uzito nyuma? Rudisha, na huyu binti akae juu ya magunia!"

Tukarudisha, nikakaa juu. Gari likatoka.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanaosha majembe.

Baba mdogo analia, hakumuona mama yake. Sijamwambia kwamba nilijua tangu mwanzo tusishushe magunia.

Ninyi mngemwambia?