Dakika Kumi na Tano za Katibu Hye-ran

Namgung Hye-ran alikuwa na duka la miwani katika Mtaa wa Wakorea, Los Angeles, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa katibu wa Chama cha Wataalamu. Duka lilimlisha, chama kikamla.

Wasiojua vyama hivi hudhani mwenyekiti ndiye chama. Mwenyekiti hukaa miaka miwili, akapewa ngao ya kioo yenye jina lake, akaondoka. Katibu ndiye anayekodi ukumbi, ndiye anayebandika majina vifuani, ndiye anayejua nani hawezi kukalishwa meza moja na nani, na kwa ugomvi wa mwaka gani. Hye-ran alijua kila daktari, mhasibu na mhandisi alizaliwa mwaka gani na alimaliza shule gani kule Korea, maana bila hayo humkalishi mtu, wala hujui nani amwinamie nani kwanza.

Hakuingia chamani kwa kupenda vyeo. Alilelewa na mama yake mkubwa, Maeng Bun-rye, aliyemchukua baada ya mama yake mzazi kufariki, akaja naye Marekani, akafungua duka la viatu. Mwaka wa tisini na mbili mtaa ulipochomwa katika ghasia za jiji, duka lile liliteketea pamoja na mengine. Watu waliwapigia polisi simu siku tatu na hakuna aliyekuja. Bun-rye akasimama juu ya majivu na kandambili zake, akasema, "Hatuna hata mtu mmoja wa kutusemea." Hakulia. Hye-ran ndiye aliyelia, akiwa na miaka ishirini na mitano.

Basi kila karamu aliyoiandaa, kila alipoona watu wakipeana kadi zao za kazi kwa mikono miwili huku wameinama, alijiambia moyoni kuwa hawa ndio watakaotusemea. Siku moja watatufaa.

Siku yenyewe ikaja. Bun-rye alikuwa na miaka themanini na minne, anaishi ghorofa ya tatu katika jengo la wazee, na wenzake sabini na kitu, karibu wote Wakorea. Asubuhi walishuka uani kunyoosha viungo. Wakati wa kusindika kimchi, kabichi yao ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, walitoa mabeseni makubwa, wakagombana juu ya chumvi mpaka jioni, kesho wakaanza tena. Mwenye jengo akaandika barua kwamba anataka kulifanya hoteli. Kilichobaki ni ruhusa ya kamati ya majengo ya jiji. Hye-ran mwenyewe aliishi juu ya duka lake, na ngazi zake ni za chuma, zimesimama wima. Miguu ya Bun-rye ilishakataa ngazi. Jengo likienda, mama mkubwa hana pa kwenda mjini.

Hye-ran akapiga simu zote alizokuwa akizihifadhi kwa miaka ishirini na mbili. Aliyemjibu kwa vitendo alikuwa wakili Tak Sang-won, mdogo kuliko wanachama wote, miaka thelathini na sita. Alizama kwenye makabati ya jiji wiki nzima, akaibuka na hati. Mwenye jengo, alipopewa kibali cha kujenga, alitia saini kwamba atawaweka wazee mle kwa miaka thelathini. Miaka kumi na mmoja ilikuwa bado.

"Dada Katibu, hii ikisomwa mbele ya kamati, wamekwisha," Tak alisema. "Ila muda wa kupeleka karatasi umepita. Lazima isomwe kwa mdomo pale pale kikaoni. Isiposomwa, kwao haipo."

Kila upande ulipewa dakika kumi na tano. Hye-ran akapanga: Tak aanze, dakika sita. Bun-rye afuate, aseme kwa Kikorea na kutafsiriwa. Wengine wote wavae suti, wasimame nyuma, wanyamaze.

Siku mbili kabla ya kikao simu ikalia dukani. Alikuwa Daktari Bang, daktari wa meno, miaka sabini na sita, mwenyekiti wa kwanza wa chama.

"Katibu, nimeletewa orodha. Hii ni ya chama au ya shule ya chekechea?"

"Daktari, nisamehe. Ni kwa sababu ya ile hati tu."

"Nani ameikataa hati? Mtoto ataisoma. Lakini huyo Tak nilimng'oa meno ya utoto kwa mkono wangu. Leo atangulie yeye, mimi nikae nyuma nimpigie makofi? Hao wa kamati watasema hawa watu hawana wakubwa."

"Muda ni mdogo, Daktari."

"Nifungue tu. Dakika mbili. Au nimeshakuwa wa kutupwa?"

Hye-ran alikuwa ameshika fremu ya miwani ya mteja. Hakuna aliyemlazimisha. Neno moja, "hapana", ndilo lililotakiwa, na hakuwahi kumwambia mtu aliyemzidi umri neno hilo tangu azaliwe. Akaandika jina la Bang juu. Ukimweka Bang, huwezi kumwacha Mhandisi Seok, mwenyekiti wa pili. Ukimweka Seok, mwenyekiti wa sasa, Bwana Yeom, atakuwa ametukanwa. Watatu, dakika mbili mbili, sita. Zinabaki tisa. Akajiambia zinatosha.

Tak alipoiona orodha mpya alicheka, kicheko cha kukata tamaa. "Dada, unaamini Daktari Bang ataongea dakika mbili? Harusini kwangu aliongea arobaini. Mke wangu alisinzia na shela kichwani."

"Nitakaa nyuma yake. Akizidisha nitamvuta koti."

"Hutamvuta."

"Nitamvuta, nakwambia!"

Siku ya kikao walikuja arobaini na watatu. Madaktari walifunga zahanati, wahasibu waliacha wateja. Hye-ran alipoona suti zile nyeusi zimejaza viti, kifua kilimjaa. Bun-rye alikaa kando yake, amevaa vazi lake la jadi la kijivu alilokuwa ameliweka akiba kwa siku ya kuzikwa.

Upande wa mwenye jengo ukatumia dakika nne, ukakaa.

Daktari Bang akasimama. Akaishukuru kamati, akawashukuru wajumbe mmoja mmoja kwa majina, akawashukuru waliohudhuria. Akaeleza alivyoshuka kwenye ndege mwaka wa sabini na moja na sanduku moja. Akaeleza chama kilivyoanza, na nani alileta viti. Kisha akamtambulisha Mhandisi Seok, mdogo wake wa shule, kijana hodari. Kijana huyo alikuwa na miaka sabini na mbili.

"Wanasema nini?" Bun-rye alinong'ona.

"Wanashukuru, mama."

Mhandisi Seok akaanza kwa kusema hastahili kuongea baada ya mtu kama Daktari Bang, akaeleza kwa kirefu kwa nini hastahili. Koti la Bang, aliyekuwa ameketi tena, lilikuwa mbele ya magoti ya Hye-ran. La Seok lilikuwa mkono mmoja tu kutoka hapo. Taa ya muda mezani ikageuka kutoka kijani kuwa njano. Hye-ran akanyoosha mkono. Vidole vikafika karibu na koti la Seok. Akaona kisogo cha mzee, nywele nyeupe zilizochanwa kwa maji, akaurudisha mkono mapajani.

"Bado wanashukuru?"

"Bado, mama."

Bwana Yeom akawashukuru waliomtangulia wote wawili.

Tak alipokifikia kipaza sauti alikuwa na sekunde arobaini. Alianza kukimbia kwa maneno: "Waheshimiwa, ninayo hapa hati iliyotiwa saini na mwenye jengo, na kifungu cha tatu kinasema..." Kengele ikalia. Mama aliyeongoza kikao akasema asante, muda wenu umekwisha. Tak akaendelea kusoma. Kipaza sauti kikazimwa, midomo yake ikawa inacheza peke yake. Bun-rye hakuitwa kabisa.

Kura zilikuwa nne kwa moja. Hoteli ikaruhusiwa.

Kwenye ujia, Hye-ran alimkuta Tak amejiegemeza ukutani, hati bado mkononi.

"Ungewakatiza," Hye-ran alimwambia. "Wewe ni wakili. Kwa nini hukuwakatiza?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nje, kwenye ngazi za jengo la jiji, wanaume walishatandaza bango la kitambaa lenye jina la chama. "Katibu! Njoo utupige picha!" Wakainua ngumi, kama wafanyavyo siku zote, na Hye-ran akapiga picha tatu, maana katika ya kwanza Bwana Yeom alifumba macho. Daktari Bang akamwambia, macho yanang'aa kwa machozi, "Leo angalau wametujua sisi ni nani." Wala hakuwa anadanganya. Aliamini. Picha ikatoka gazetini Jumatano.

Tak alikata rufaa. Ikatupwa: hati haikuwa sehemu ya kikao.

Mwezi wa kumi wazee walitawanywa. Mabeseni ya kimchi yaliachwa uani, kila mtu akidhani mwenzake atayachukua. Bun-rye alipata kitanda katika nyumba ya wazee iliyo saa mbili kwa gari, jangwani, ambako hakuna anayejua Kikorea hata cha salamu. Walimpa viazi vya kuponda asubuhi na jioni. Hye-ran alikwenda kila Jumapili na supu ya mwani kwenye themosi. Jumapili ya kwanza mama mkubwa aliongea bila kupumua. Ya pili akaongea kidogo. Ya nne alikuwa anayatafuta maneno, kama mtu anayetafuta swichi ukutani, kwa kuwa tangu Jumapili hadi Jumapili hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili ya tano Hye-ran alikuta shada la maua mlangoni, refu kuliko mtu, ngazi tatu za maua juu ya miguu ya mbao, na utepe mpana wenye maandishi ya Kikorea: Chama cha Wataalamu kinampongeza Bibi Maeng kwa kuhamia makao mapya. Ni desturi yao. Duka likifunguliwa, mtu akipanda cheo, shada hupelekwa. Lakini wa pale hawakujua kusoma utepe. Nesi alimjia Hye-ran mbio, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini.

"Pole sana, mama. Wameleta tangu jana. Nani amefariki? Tumeuliza vyumba vyote."

Mle ndani Bun-rye alikuwa kwenye kiti, amelielekea shada kupitia mlango uliokuwa wazi. Wenzake walikuwa wakipita na kumpa mkono wa pole, naye akiwainamia kila mmoja kwa adabu.

"Mama, nitaliondoa. Wamekosea."

"Hawakukosea," Bun-rye alisema. "Wamewahi tu."

Hye-ran akalishika shada kwa mikono miwili, akaliburuta hadi kwenye jalala nyuma ya jiko. Halikuingia. Akalivunja mguu mmoja, akaukanyaga wa pili, na bado halikuingia. Simu ikatetemeka mfukoni, akaipokea: ni Bwana Yeom, anauliza kama ukumbi wa karamu ya mwisho wa mwaka umeshakodiwa.

"Ndiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti," Hye-ran akajibu, akiwa ameinama. "Umeshakodiwa."