Mama Lakiri, mshona vifurushi vya askari walio mbali

Saa mbili kasorobo asubuhi. Milango ya posta haijafunguliwa, lakini kibarazani foleni imeshajipanga: mzee mwenye boksi la viatu kwapani, bibi aliyekumbatia sweta kana kwamba ni mtoto mchanga, na binti aliyevaa sare ya kazini ambaye kila dakika anatazama saa.

Mbele yao, nyuma ya cherehani ya mkono, ameketi mwanamke wa miaka hamsini na sita. Miwani imemshuka hadi katikati ya pua, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Analipokea boksi la mzee, analipima uzito kwa viganja, kisha analitikisa karibu na sikio.

"Kuna chupa humu," anasema.

"Hakuna chupa, dada."

"Kaka, nasikia maji yanazungumza."

Foleni inacheka. Mzee anafungua boksi na kutoa chupa ya mafuta ya kujipaka. Anasema ni ya mjukuu wake, ngozi yake hukauka upesi.

"Tuyahamishie kwenye kopo," anasema fundi. "Chupa ikivunjika njiani, soksi zote zitalowa. Mjukuu wako ataingia lindoni ananukia harusi nzima, adui amnuse toka ng'ambo ya bonde."

Kazi inaanza. Boksi linavikwa kitambaa kizito cha pamba, kingo zinashonwa kwa mashine, mdomo unafungwa kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta. Mwisho anawasha mshumaa, anayeyusha kipande cha lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mhuri, na kudondosha matone mawili juu ya fundo. Ndiyo asili ya jina analojulikana nalo na kila mtu hapa, tangu meneja wa posta hadi mfagizi: Mama Lakiri.

Wateja wake karibu wote ni watu wa aina moja. Ni wazazi, wake, waume na ndugu wa askari waliopelekwa nchi za mbali kulinda amani. Kwa wiki hushona vifurushi ishirini hadi thelathini. Kila kimoja hakiruhusiwi kuzidi kilo tano, na huchukua wiki tano kufika. Ujira wake kwa kifurushi ni sawa na bei ya mkate mmoja.

"Sitajiriki," anasema, "lakini mkate nao ni mkate."

Hakuanzia hapa. Kwa miaka kumi na minane alishona mifuko ya mashati katika kiwanda cha nguo. Mifuko tu; shati zima, anasema, hakuwahi kulishona hata moja. Kiwanda kilipofungwa, alirudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa bure.

Mumewe, ambaye sasa amestaafu, alikuwa mpanga barua katika posta hii. Jioni moja alirudi akinung'unika juu ya bahasha za askari na maboksi yao. "Vifurushi vinapasuka matumbo," alimwambia mkewe. "Leo nimeokota karanga sakafuni moja moja, kama kuku."

Kesho yake mkewe alimfuata kazini akiwa na cherehani kichwani.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini barua, zama hizi za simu? Askari wanaoandikiwa kutoka kibaraza hiki wengi wao hukaa miezi mingi katika vituo vidogo vya milimani. Mtandao haufiki. Redio iliyopo ni ya kazi tu. Kinachopanda huko ni gari la mahitaji, mara moja kila baada ya wiki mbili, na ndani yake, chini ya magunia ya unga na madumu ya mafuta, gunia la posta.

"Gari likionekana kwenye kona, hakuna anayeuliza kama nyama imekuja," anasema koplo mmoja aliyekuwa katika kituo cha aina hiyo, na ambaye yuko nyumbani kwa likizo. "Swali ni moja: nyekundu ipo? Maana yake lakiri."

Koplo huyu ana haki ya kulizungumzia jambo hili. Kisa chake na Mama Lakiri kinajulikana na kibaraza kizima.

Mama yake mzazi ni mpishi mstaafu wa shule, mjane, mama wa mtoto mmoja. Mwezi wa kwanza wa safari ya mwanawe alifika kwa Mama Lakiri na kifurushi chake na barua aliyoiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, zenye makosa, bila nukta wala koma. Akawa anakuja kila mwezi. Mwezi wa sita alikuja akipapasa ukuta.

"Macho yameingia ukungu," alimweleza fundi. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Andika wewe, mdogo wangu. Na hili la macho usiliguse. Yule ameshika bunduki. Sitaki ashike na hofu."

Mama Lakiri akaahidi. Akaandika barua nzuri, safi, ya kurasa mbili. Miezi mitatu mfululizo aliandika hivyo.

Hapo ndipo penye kosa, anakiri sasa huku akicheka. "Niliandika vizuri mno."

Kule mlimani, koplo alifungua barua ya kwanza kati ya hizo tatu. Mwandiko haukuwa wa mama. Akajipa moyo kwamba labda jirani amesaidia. Ya pili ikaja, mwandiko uleule. Ya tatu ikaanza kwa maneno, "Tafadhali mwanangu pokea salamu zangu za dhati."

"Mama yangu hajawahi kuniambia 'tafadhali' tangu nizaliwe," anasema koplo. "Nikajua basi. Mama hayupo. Mama wadogo wamekaa kikao, wameamua kunificha mpaka nirudi."

Hakumwambia mtu. Alikula kidogo, alilala kidogo. Kifurushi kilichokuja na barua ya tatu hakukifungua. Alikisukuma chini ya kitanda na kukiacha hapo. Kwa nini hakumwomba kamanda aulizie kwa redio?

"Niliogopa kujibiwa," anasema.

Sajini wake ndiye aliyegundua. Katika kituo cha watu kumi na wawili, kifurushi kisichofunguliwa hakiwezi kufichika. Alimketisha chini, akamwuliza, akausikiliza mkasa mzima. Kisha akanyoosha kidole kwenye lakiri nyekundu. "Huyu aliyeshona hiki anamwona anayekileta," alisema. "Mwandikie yeye."

Ndivyo barua ilivyofika posta ikiwa na anwani hii: Kwa Fundi wa Lakiri Nyekundu, Kibarazani. Mama Lakiri bado anayo. Anaitoa kwenye droo ya cherehani na kumpa mwandishi wa makala haya aisome.

"Mama," inaanza, "sikufahamu, lakini mikono yako naifahamu, kila mwezi nimefungua mishono yako. Nakuomba kwa heshima kubwa uniambie ukweli. Anayekuletea vifurushi vyangu ni nani? Kama mama yangu ameshazikwa niambie tu, mimi ni mtu mzima. Nitakushukuru hata kwa hilo."

Aliisoma mara mbili, akafunika cherehani, akaenda zake nyumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mumewe, aliyekuwa akimenya viazi, alidhani ni mgonjwa.

"Nimeahidi sitasema," alimwambia. "Siri ya mtu ni amana."

"Ni amana, ndiyo," mumewe alijibu. "Lakini mtoto anamlilia mama aliye hai. Sasa hapo unamtunzia nani amana?"

Walibishana mpaka viazi vikaiva. Walikubaliana jambo moja: hatavunja ahadi kwa nyuma. Atakwenda kwa mwenye siri mwenyewe.

Jioni hiyohiyo aliketi kwenye ngazi za nyumba ya mpishi mstaafu, akamsomea barua ya mwanawe neno kwa neno. Mpishi kwanza alicheka. Aliposikia neno "ameshazikwa" akaacha kucheka, akashika kanga yake akajifuta uso. Kisha, anasimulia Mama Lakiri, hasira ikampanda.

"Amenizika? Mimi? Bila hata kunipikia wali wa msiba? Lete kalamu!"

"Dada, huoni."

"Lete kalamu nimekwambia! Karatasi naiona kwa vidole."

Akaandika. Mistari ilipandana kama mbuzi zizini. Neno moja lilitoka nje ya karatasi na kuishia kwenye ngazi. Mama Lakiri hakurekebisha hata herufi. Barua hiyo leo imekunjwa ndani ya pochi ya koplo, na kwa ruhusa yake tunainukuu yote:

"KIJITI MIMI MZIMA NI MACHO TU YANA UKUNGU DAKTARI KASEMA YATASAFISHWA NANI KAKWAMBIA NIMEKUFA ILE SAHANI YA MAUA ULIVUNJA WEWE UKASINGIZIA PAKA NILIJUA SIKU ILEILE NILINYAMAZA TU KULA KARANGA MAMA YAKO"

Kijiti ni jina lake la utotoni, kwa wembamba. Kule kazini hakuna aliyelijua. Sasa wanalijua wote.

"Nilicheka mpaka sajini akaja mbio, akidhani nimepagawa," anasema koplo. "Nikashindwa kueleza, nikampa asome mwenyewe. Naye akaanza. Tulikaa pale wanaume wawili wazima, tunacheka na machozi yanatiririka, na hakuna aliyemwuliza mwenzake analia nini."

Kisha akakitoa kifurushi cha chini ya kitanda, na kile kipya kilicholeta barua hiyo, akavifungua mbele ya wenzake wote. Karanga, sabuni, soksi, majani ya chai, nyembe. Sabuni iligawanywa kwa kisu vipande kumi na viwili.

"Nyumbani sabuni ni sabuni," anasema. "Kule ukiinusa, uko kwenu. Mtu ananawa uso polepole, hataki kumaliza."

Mwezi uliofuata Mama Lakiri alipokea bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua moja iliyotiwa saini na watu kumi na wawili. Walimshukuru kwa vifurushi kuwafikia bila kupasuka hata kimoja. Walimwambia kwamba mishono yake hawaikati kwa kisu. Huifumua uzi mmoja mmoja, kwa zamu, ili furaha ichelewe kwisha. Uzi wanautumia kushonea vifungo vya sare. Vitambaa wamevifanya pazia la chumba cha mganga wa kituo, na upepo ukivuma wanasoma anwani za mama zao zikipungapunga dirishani.

Mistari ya mwisho ilikuwa ya askari mmoja kijana, aliyelelewa katika nyumba ya yatima. "Mimi sina wa kuniletea kitu," aliandika, "ila nami huwa nafumua. Ahsante kwa zamu yangu."

Mama Lakiri alimsomea mpishi mstaafu mistari hiyo mara moja tu. Tangu siku hiyo mpishi huleta vifurushi viwili, na cha pili huwa kizito zaidi. Ukimwuliza sababu anashangaa swali lenyewe. "Huyo ni mtoto, Kijiti ana mama."

Macho yake yamekwisha kufanyiwa upasuaji, jicho la kulia kwanza, la kushoto miezi miwili baadaye. Koplo alipowasili kwa likizo wiki tatu zilizopita, mama yake alimsimamisha mlangoni, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Nani kakunyoa hivi?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Siku ya pili mama na mwana walikuja kibarazani pamoja. Koplo alivua kofia, akapiga saluti kamili mbele ya cherehani, visigino vikagonga. Watu wa foleni walipiga makofi. Mama Lakiri anasema alitafuta pa kujificha akapakosa, akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. "Nikakosa tundu mara nne," anasema.

Tangu kisa hicho amebadili utaratibu wake. Akiandikia mtu barua, haongezi neno lake wala hapunguzi. Mteja akisema vibaya, anaandika vibaya. Na mwisho wa kila barua humpa mwenyewe kalamu, hata kama ni kuchora mstari mmoja tu. "Askari anataka mkono wa kwao," anaeleza. "Wangu ni wa kushona."

Bibi mwenye sweta amefika mbele sasa. Anaanza kusema barua yake, na kwenye sentensi ya pili sauti inamkatika. Mama Lakiri anaweka kalamu chini, anasubiri. Wanaopita barabarani wanageuka kutazama. Bibi anajifunika uso.

Hilo ndilo linalomsumbua fundi, na ndilo lililozaa mpango wake. Anataka chumba. Hahitaji duka wala kibao cha jina. Anataka chumba kidogo tu karibu na posta, chenye meza moja na viti viwili, ambamo mtu anaweza kusema barua yake, akalia akamaliza, akanawa uso akatoka.

"Kibarazani si mahali pa kulia," anasema. "Watu wanameza maneno. Barua inakwenda nusu."

Ameanza kujiandaa. Mwezi uliopita, nyumba ya zamani ilipobomolewa mtaani kwao, alinunua mlango wake, wa mbao nzito, wenye kitasa kinachofunga vizuri. Fundi seremala ameupiga randa. Umeegeshwa sebuleni kwake, na mumewe amekwisha kutundika kofia yake juu yake.

"Majirani wananicheka kwamba nina mlango bila nyumba," anasema Mama Lakiri, akivuta kitambaa kingine na kukitandaza mbele ya bibi. "Nami nawaambia, lililo gumu nimeshalipata. Kuta zitakuja."