Bunduki ya Kuiga na Jiwe Jeupe

Orvin Tveit alikaa ndani ya gari lake nje ya duka la Lyle Brekhus kwa muda wa kumaliza sigara mbili, na sigara alikwisha kuziacha miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa anaona haya. Mzee wa miaka sabini na nne, mjukuu wa Halvor Tveit, anaingia dukani kununua bunduki ya kuiga, mpya iliyoundwa kwa mfano wa zile za kale, mchana kweupe, huku mji mzima wamjua.

Zamani duka lile liliuza misumari ya kupimwa kwenye mizani, hatamu, na mafuta ya kupaka tandiko. Siku hizi nusu yake ni kofia za watalii na vikombe vya plastiki vyenye picha ya nyati. Hakuna anayeuliza hatamu. Farasi wenyewe wamebaki wachache kuliko madaktari wao.

"Umekuja kuinunua au kuitukana?" Lyle aliuliza kutoka nyuma ya meza yake.

"Vyote viwili. Ilete."

Lyle akaiweka juu ya meza. Mtutu mrefu mweusi wenye pembe nane, kitako cha mti wa hudhurungi, na chini yake ule wenzo wa chuma unaousukuma ili kufungua nafasi ya risasi moja tu. Moja, basi. Orvin akaushusha wenzo, ukateremka bila kelele kama droo ya sanduku jipya. Akanusa. Ilinuka vanishi.

"Wameitengeneza wapi?"

"Italia."

"Watu wa tambi."

"Watu wa tambi wanaotengeneza bunduki tangu kabla babu yako hajaota meno. Tazama ndani ya mtutu, mzee, acha maneno."

Akatazama. Mistari ya ndani ilijizungusha hadi mwisho, safi, iking'aa. Ikamuudhi kwamba hakuona kasoro.

Sababu iliyomfikisha pale ilikuwa ubao. Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, koo za bonde lile la Montana hukutana kwenye malisho ya kina Haugen na kupiga shabaha kwa bunduki za risasi moja, baruti nyeusi na risasi ya kusubu, bila kioo cha kukuzia. Shabaha ni sahani ya chuma ya plau ya kale, imening'inizwa kwa minyororo hatua mia nne mbali. Kila ukoo hupiga mara tatu kwa bunduki yake wenyewe. Ya kuazima haihesabiwi. Jina la ukoo limechongwa kwenye ubao katika jengo lililokuwa shule, na ukoo ambao haujailiza sahani kwa miaka mitano mfululizo, jina lake huondolewa kwa randa. Zilianza koo thelathini na moja. Zimebaki tisa. Tveit walikuwa wamenyamaza miaka minne, na Tveit aliyebaki bondeni alikuwa Orvin peke yake.

Walinyamaza kwa sababu ya dada yake, Marlys. Mama yao alipokufa, Marlys aliyeishi mjini aliichukua bunduki ya babu na kuipa makumbusho ya wilaya. Hakuuliza. Sasa imelala ndani ya kabati la kioo, na kando yake kuna karatasi inayosema jinsi farasi wa Halvor alivyoangukia kijito na kuilalia ile bunduki kwa uzito wake wote, nayo isipate hata mchubuko. Hadithi hiyo Orvin aliisikia kabla hajajua kufunga viatu.

"Basi?" Lyle aliuliza.

"Funga. Nimeuza tela la farasi kwa ajili yake. Nikirudi mikono mitupu nitalikumbuka bure."

Lyle akapiga simu serikalini kama sheria inavyotaka, Orvin akatia sahihi, mambo yakaisha.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Jumamosi hiyo alizitumia jikoni. Kalibu ya babu ya kusubia risasi ilikuwa bado kwenye droo. Marlys hakuichukua kwa kuwa alidhani ni chombo cha kuvunjia karanga. Orvin aliyeyusha madini ya risasi yaliyotoka kwenye mabomba ya maji ya zamani, akamimina, akafungua, akaitoa risasi ndefu yenye kung'aa, tena na tena, hadi zikajaa kopo. Akajaribu moja kwenye bunduki ya Waitaliano. Ikaingia kama kidole kwenye pete. Alijikuta anapiga mluzi, akaacha, kisha akaendelea.

Upepo ulivuma siku zote mbili, hivyo aliijaribu nyuma ya banda tu, hatua hamsini, kwenye kopo la maharage. Kopo liliruka mara tano kwa risasi tano. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na Orvin alikuwa anakipenda kidonda chake.

Jumamosi ikatulia, hewa kimya. Kwenye meza ndefu kulikuwa na kahawa, nyama baridi, na mikate myembamba ya viazi iliyopakwa siagi na sukari. Ardis Haugen, mjane mwenye malisho, alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya darubini, kazi yake kwa miaka ishirini: kutazama risasi inatua wapi na kutangaza bila huruma.

"Jamani, Orvin ameoa tena!" alipiga kelele. "Kamwoa Mtaliano! Anajua kupika?"

"Anajua kunyamaza, jambo ambalo majirani zangu hawalijui."

"Tutaona kama anajua kupayuka kunapohitajika."

Orvin akalala kifudifudi, akauweka mtutu juu ya vijiti vilivyopishana. Kule mbali sahani ilikuwa doa jeupe, na kulia kwake, kama hatua moja hivi, lilikaa jiwe jeupe. Babu alimfundisha baba, baba akamfundisha yeye: usilenge sahani, lenga jiwe. Kuna upepo usioonekana unaopita bondeni na kusukuma kila kitu kushoto. Kwa miaka arobaini alilenga jiwe, sahani ikalia. Akalenga jiwe.

Moshi mweupe ukafunika kila kitu. Wakasubiri. Kimya.

"Kulia," Ardis akasema. "Umepiga jiwe."

Orvin akashusha wenzo, akatoa ganda, akaweka mdomo nyuma ya mtutu na kupuliza pumzi ndefu ndani, ili masizi ya baruti yalainike. Pumzi ilitoka upande wa pili kama moshi wa mzee mwenye kiko. Upepo umeongezeka au umepungua? Hakuna jani lililotikisika. Akalenga jiwe kwa makini zaidi kuliko mara ya kwanza.

Moshi. Kimya.

"Jiwe tena! Kwenye alama ileile! Orvin, una ugomvi gani na hilo jiwe? Limekukosea nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Imebaki moja, na kesho randa. Akaona mkono wa mtu, asiyekuwa na nia mbaya, ukipitisha chuma juu ya jina la Halvor, na maganda ya mbao yakidondoka sakafuni mwa shule isiyo na mwanafunzi.

"Alama ileile?" akauliza.

"Nafasi ya kidole gumba baina ya risasi zote mbili. Ningekuwa nyoka ningekaa mbali na hilo jiwe."

Alama ileile. Risasi mbili zimekwenda hasa mahali alipoziagiza. Orvin akabaki amelala, shavu kwenye kitako, akimfikiria yule farasi aliyeanguka kijitoni. Uzito wote wa farasi. Hata mchubuko!

Mazoea yana taabu. Macho yake yalikataa. Yaliteleza kuelekea kwenye jiwe kama ng'ombe wanaorudi kwenye banda lililobomolewa. Akayarudisha. Akalenga sahani, katikati, jambo ambalo hakuna Tveit aliyewahi kulifanya, akafyatua.

Moshi. Moja. Mbili. Kisha ikaja polepole kutoka ng'ambo ya nyasi, sauti ya chuma cha plau, ndefu, kama kengele ya shule.

"Sahani!" Ardis alirusha kofia yake. "Katikati kabisa, mzee wa watu!"

Desturi ni kwamba aliyepiga wa mwisho huenda kuipaka sahani rangi upya. Orvin akaenda na kopo lake la chokaa, Ardis akamfuata akichechemea. Jiwe lilikuwa na madoa mawili ya kijivu, yakikaribia kugusana.

"Babu yako alisema upepo," Ardis akasema.

"Upepo ulikuwa ndani ya mtutu wake. Farasi aliupinda."

"Na ile karatasi ya makumbusho?"

Orvin akachovya brashi. Alifikiri juu ya babu, akilenga jiwe maisha yake yote kwa uaminifu, na kuilaumu hewa ya Mungu.

"Iache. Wanaoisoma hawalengi kitu."

Akaipaka sahani hadi ikawa nyeupe. Jiwe hakuligusa. Kisha akaiweka bunduki mpya begani, ambayo sasa ilinuka baruti na si vanishi, akauliza kama mikate ya viazi imebaki.

"Nimekufichia miwili," Ardis akasema. "Mmoja wako. Mwingine wa Mtaliano."